Tutunze Ndani ya Gari la Mradi Kabla Halijachakaa

Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili



Tunapozungumzia matunzo ya gari la mradi, kwa kawaida tunataja injini, matairi na mafuta. Leo tunaomba tufungue mlango na kutazama ndani: viti vilivyochanika, dashibodi iliyopasuka, plastiki za milango zilizokwaruzwa na mizigo. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya urembo tu. Sisi wa ofisi ya miradi hatukubaliani nao, kwa sababu tatu.

Kwanza ni afya. Gari linalobeba mbegu asubuhi ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali usiku. Kiti chenye ngozi bandia nzima kikimwagikiwa damu au matapishi, hufutwa kwa sabuni na dawa ya klorini, kisha kwa maji safi. Kiti kikichanika, uchafu huingia kwenye sponji, na huko kitambaa cha kufutia hakifiki. Pili ni fedha. Mchaniko mdogo huongezeka kila mtu anapokaa, na kazi ya kiraka kimoja hugeuka kuwa kazi ya kiti kizima. Tatu ni uwakili. Gari lililonunuliwa kwa sadaka za watu linapaswa kuonyesha kwamba limekabidhiwa kwa watunzaji.

Adui mkubwa wa vitu vya ndani ni jua. Gari likifungwa na kuachwa juani, dashibodi inaweza kupata joto la zaidi ya nyuzi 60 za Sentigredi. Ngozi bandia nyingi ni plastiki iliyochanganywa na vilainishi. Joto la kila siku huviondoa vilainishi hivyo kidogo kidogo, nayo hukauka na kupasuka. Kwa hiyo kivuli cha mwembe, au kipande cha boksi kwenye kioo cha mbele, ni kinga isiyo na gharama.

Kabla ya kutengeneza chochote, tujue tunashika kitu gani. Nyuma ya plastiki nyingi za gari kuna herufi zilizochapwa. PP ni plastiki ambayo gundi na rangi za kawaida hazishiki. Huhitaji praima yake maalumu. ABS hushika rangi vizuri, lakini tina huiyeyusha. Fundi asiyesoma herufi hizo anaweza kupaka rangi ikabanduka kabla mwezi haujaisha.

Kazi yenyewe huanza kwa usafi. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa, kisha acha pakauke kabisa. Usitumie petroli, huharibu ngozi bandia, na mvuke wake unaweza kuwaka moto. Polishi zenye silikoni nazo ziondolewe zote, kwa sababu rangi haikai juu yake. Dawa yoyote ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana.

Plastiki yenye vinyweleo ikiwa na mkwaruzo mwepesi, usiikimbilie na msasa. Msasa utaondoa vinyweleo na kuacha doa laini linaloonekana kuliko mkwaruzo wenyewe. Mara nyingi kuisafisha na kuipaka dawa ya kurudishia rangi kunatosha. Mkwaruzo wa kina kwenye plastiki laini isiyo na vinyweleo husuguliwa kwa msasa namba 400, kisha 600, hupakwa praima, halafu rangi ya kupuliza mara kadhaa, kila tabaka likiwa jembamba na likiachwa likauke. Kazi hii ifanyike milango ikiwa wazi, fundi amefunika pua na mdomo, na pasiwepo moto wala sigara karibu.

Kiti kilichochanika kidogo huwekewa kitambaa imara chini ya mchaniko, hupakwa gundi inayopindika, na kingo hubanwa zikutane hadi zikauke. Gundi inayokauka ikawa ngumu kama kioo haifai, kwa sababu itapasuka mtu akikaa. Mchaniko mrefu apewe fundi wa makochi. Wengi wa mafundi hao wapo katika miji yetu midogo, na cherehani zao zinaweza kazi hii.

Hapa tunaomba umakini, kwa sababu ni suala la uhai. Penye herufi SRS kwenye usukani, dashibodi au ubavu wa kiti kuna mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga. Mahali hapo pasipakwe gundi wala rangi, na pasifunikwe kwa kitambaa. Kiti chenye mfuko huo ubavuni kisivalishwe kava la kawaida, na mshono wake usishonwe upya kwa uzi wowote uliopo, maana umetengenezwa ufumuke kwa urahisi. Mikanda ya usalama nayo isipakwe rangi wala kuoshwa kwa klorini. Mkanda uliokatika nyuzi haushonwi, hubadilishwa.

Tunapendekeza mambo matatu kwa kamati. Kila robo mwaka, wajumbe wawili na dereva wakague ndani ya gari na kuandika kila kasoro, tarehe na hatua iliyochukuliwa. Kasoro ndogo itengenezwe kabla ya robo inayofuata. Na dereva apewe turubai la kutandika anapobeba mabati, majembe au madumu, kwa kuwa mikwaruzo mingi hutokana na mizigo hiyo.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Bajeti ya gari inapoandaliwa, kuwe na kifungu kidogo cha matengenezo ya ndani, pembeni ya mafuta na vipuri. Bila kifungu hicho, kamati huona kiti kinachanika na haina fungu la kukitengeneza, hadi kinapohitaji kubadilishwa chote.

Mgonjwa anayelazwa kwenye kiti hicho usiku hana nafasi ya kuchagua gari jingine. Tukitunze kwa ajili yake.