Fumbo la Mwisho: Wahakiki Mbele ya Myst V



Mnunuzi wa vyungu sokoni Lyulilo, jirani na Matema, hukigonga chungu akasikiliza mlio wake. Hana haja ya kukumbuka alichonunua mwaka jana. Mhakiki wa sehemu ya mwisho ya mfululizo hana uhuru huo. Hupima kazi iliyo mbele yake, na papo hapo hupima kama imefunga vyema zilizotangulia. Wasomaji wa Kiswahili walikutana na jambo hili kwa mwandishi Muhammed Said Abdulla, ambaye mpelelezi wake Bwana Msa alianza kufumbua mafumbo katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na kufika Kosa la Bwana Msa (1984). Mhadhara huu unalitazama kupitia mchezo wa kompyuta.

Myst, iliyotolewa mwaka 1993, ilitengenezwa na kampuni ya Cyan ya ndugu wawili wa Marekani, Rand na Robyn Miller. Mchezaji hujikuta kisiwani peke yake, bila silaha wala maelezo. Husoma vitabu, huvuta mitambo na kutega sikio hadi milango ifunguke. Mchezo huo uliongoza kwa mauzo miongoni mwa michezo ya kompyuta hadi mwaka 2002, ulipopitwa na The Sims. Zikafuata Riven (1997), Exile (2001) na Revelation (2004). Septemba 2005 kampuni ya Ubisoft ikachapisha Myst V: End of Ages, ikitangazwa kuwa ndiyo tamati.

Wahakiki wengi waliipokea vizuri. Walisifu mandhari, mafumbo, muziki wa Tim Larkin na sauti ya David Ogden Stiers, aliyemwigiza Esher, mmoja wa wahusika.

Malalamiko yalikuwepo pia. Michezo minne ya awali ilitegemea picha zilizoandaliwa kabla: zilikuwa na undani mwingi, ila mchezaji alisimama pale tu alipopangiwa. Ya tano ilichora kila kitu papo kwa papo, mchezaji akatembea apendavyo, na baadhi ya wahakiki wakaona undani ule umepungua. Waigizaji waliokuwa wakirekodiwa kwa video nao waliachwa, nafasi yao ikachukuliwa na sanamu za kompyuta zilizovikwa nyuso zao.

Kisha kuna kibao cha jiwe. Mchezaji huchora alama juu yake kwa kipanya, na viumbe waitwao Bahro huja, huitazama na kutii. Mara nyingine kompyuta haikuitambua alama. Mtu alikuwa ameshalifumbua fumbo kichwani, akakwamishwa na mkono wake.

Lawama hiyo ni ya haki, lakini haikifikii kiini cha kibao chenyewe. Mwishoni mchezaji huamua nani akabidhiwe kibao kinachowatawala Bahro. Anaweza kumpa mhusika aitwaye Yeesha, au Esher. Jibu sahihi ni kuwanyima wote wawili na kuwaachia Bahro, waliotumikishwa kwacho. Hapo mchezaji anatambua kwamba kila alama aliyoichora njiani ilikuwa amri kwa watumwa, na kwamba yeye naye alikuwa bwana. Ni michezo michache iliyokifanya chombo cha kuchezea kuwa swali la mwisho la hadithi.

Septemba hiyohiyo ya 2005 Cyan, watengenezaji wa mchezo huo, iliwaachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote, ingawa baadhi walirejeshwa baadaye. Kampuni iliyotengeneza tamati ya hadithi ilikuwa ukingoni mwa tamati yake yenyewe.

Hukumu ya mhadhara huu ni kwamba Myst V haiifikii Riven kwa ufundi wa mafumbo, lakini kama hitimisho inastahili sifa zaidi ya ilizopewa. Uhakiki wa Kiswahili umekomaa katika riwaya, tamthilia na ushairi. Michezo ya kompyuta bado inasubiri. Vijana wa Kyela, Ipinda na Matema wanaocheza kwenye simu zao wanaombwa washike kalamu: waandike mchezo unamtaka mchezaji atende nini, na kwa nini, kabla ya kuuliza kama picha zake zinapendeza.