Tuwatazame Ndege wa Uani Masika Haya

(Hotuba ya afisa wa mazingira kwa wakazi katika baraza la kijiji, Pwani)



Mvua za masika zimeanza. Huu ndio wakati ndege wetu wengi hujenga viota, kwa kuwa wadudu wa kulisha makinda ni tele. Huhitaji darubini wala safari ya mbugani. Keti barazani asubuhi utazame mnazi wako.

Utamwona kwera, yule ndege wa manjano. Dume husuka kiota kwa nyasi na vipande vya makuti, kisha hujining'iniza chini yake akipiga mabawa kumwita jike. Jike huingia kukagua. Asiporidhika, mara nyingi dume hukibomoa na kuanza upya. Akikubali, huatamia mayai siku 12 hivi, na makinda hukaa kiotani karibu wiki 3.

Mwaka jana nilipunguza matawi ya mwembe nyumbani bila kutazama juu. Makinda watatu walianguka, na hakuna aliyepona. Ningesubiri wiki chache tu, wangeruka. Basi ombi langu la kwanza: kagua mti kabla ya kuukata. Ukiona ndege wanaingia kiotani, subiri.

Pili, kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu si wetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka, kisha akaenea hadi huku. Huiba mayai, hula makinda na hata vifaranga vya kuku. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe, msiwachanganye. Kinachomnenepesha huyu mgeni ni taka zetu. Funika mabaki ya jikoni na ufukie matumbo ya samaki. Usitege sumu: itaua kuku na paka, na inaweza kumdhuru mtoto.

Tatu, wazazi wenzangu, badala ya manati mpe mtoto daftari. Aandike siku kiota kilipoanza, ndege walioingia na siku makinda waliporuka. Atazame kwa mbali, asiguse kiota.

Masika yakiisha, njooni na madaftari hayo hapa barazani. Tutayasoma pamoja, tujue ni miti gani ya kijiji hiki inayolea ndege, tusije tukaikata.