Somo la Leo: Drili ya Betri

Fungueni madaftari yenu.

Leo tunajifunza drili ya betri yenye nyundo. Chombo hiki huzungusha biti, tena huigonga mbele mara nyingi sana kwa dakika moja. Ndiyo maana hupenya tofali na saruji.

Kwanza, toa betri kabla ya kubadili biti. Kidole kikigusa kitufe kwa bahati mbaya, drili haitazunguka. Kwa ukuta tumia biti ya ukuta. Ukitoboa mbao au chuma, zima nyundo.

Pili, vaa miwani ya kazi. Usivae nguo inayoning'inia wala glavu zilizolegea, maana biti huzinasa na kuvuta mkono.

Tatu, usitoboe juu wala chini ya swichi. Waya wa umeme huweza kupita humo. Zima umeme kwanza.

Nne, simama imara, shika kwa mikono miwili, anza polepole. Usisukume kwa nguvu; nyundo ndiyo ifanyayo kazi.

Tena, vumbi lisikudanganye. Saruji na mchanga vina silika. Vumbi lake laini ni lile lile liharibulo mapafu ya wachimbaji wa dhahabu, na makovu yake hayaponi. Leso haitoshi. Vaa barakoa ya vumbi, fungua madirisha, watoto wakae mbali.

Sasa jibuni:
1. Betri hutolewa lini?
2. Kwa nini leso haitoshi?

Kwaherini, ndugu zangu, hadi somo lijalo.