Jina Kusomwa Mara Elfu

Wapo watu katika nchi hii ambao hujapata kuwaona kwa macho, huijui sura yao, hujui kama ni warefu au wafupi, lakini majina yao unayajua kuliko unavyolijua jina la diwani wako. Hao ni watuma salamu. Asubuhi wamo, mchana wamo, na jioni ukirudi kazini na kufungua redio unawakuta wamekutangulia.

Wiki hii nataka tuzungumze juu yao, na hasa juu ya hesabu. Maana mtuma salamu akikutana na mwenzake kwa mara ya kwanza, wakishapeana mikono, swali linalofuata ni hili: mwenzangu, wewe umeshasomwa mara ngapi? Na jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani atapewa kiti na nani atasimama.

Kwa vijana waliokulia kwenye simu za mkononi inafaa nieleze kidogo. Kadi ya salamu ni karatasi ngumu yenye nafasi ya jina la mtumaji, mahali anapopatikana, majina ya wanaosalimiwa na mwisho ujumbe, ambao mara nyingi ni methali au fumbo la kumchoma mtu fulani ambaye mwenyewe anajijua. Unaijaza, unaipeleka kituoni au unaitia posta, kisha unasubiri. Siku ikisomwa, mtangazaji anataja jina lako, halafu anasema salamu zimfikie fulani na fulani, na fulani yule mwingine. Siku hizi wengi hutuma ujumbe wa simu, lakini mambo ni yale yale.

Sasa angalia hesabu inavyokua. Jina lako linasomwa ukituma, na linasomwa tena ukitumiwa. Kwa hiyo mtu mwenye akili hatumi kadi kumi kwa ndugu zake kumi ambao hawana habari na redio. Anatuma kwa watuma salamu wenzake kumi, nao kwa adabu wanamrudishia. Kadi kumi zimezaa ishirini. Hapo ndipo utasikia orodha ya majina ishirini na mawili katika kadi moja, mtangazaji anahema, na katika hayo yote hakuna mjomba, hakuna shangazi, wala jirani. Ni nisalimie nikusalimie. Kuna na wengine wanaojipa majina matatu, wakajisalimia wenyewe. Aliyekaa kwenye meza ya kadi anaujua mwandiko mmoja hata ukivaa majina saba.

Nisieleweke vibaya. Sina nia ya kuwacheka watu hawa, na wanaowacheka mara nyingi ni wale ambao majina yao yameandikwa milangoni mwa ofisi. Mtuma salamu ni mlinzi wa usiku, ni fundi cherehani, ni kondakta, ni mama wa genge, ni mtumishi wa ndani. Mwaka mzima hakuna anayemwita kwa jina lake kamili. Kazini ni "we kijana", nyumbani kwa tajiri ni "dada". Halafu siku moja sauti ya redio inalitaja jina lake, la baba na la ukoo, pamoja na mtaa anaokaa. Kumbukeni kwamba kabla ya sheria ya mwaka 1993 iliyofungua mlango kwa redio za watu binafsi, na kabla Radio One haijaanza mwaka 1994, huku Bara tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam tu. Jina likisomwa, lilisomwa Kigoma na Mtwara kwa wakati mmoja. Heshima ya namna hiyo huwezi kuinunua dukani, na mimi sioni ajabu mtu akiitamani tena kesho yake.

Wala si Tanzania peke yake. Kenya vilabu vya salamu ni vingi na vina viongozi, mikutano na michango. Hata idhaa ya Kiswahili ya redio ya China, iliyoanza mwaka 1961, imekuwa na wasikilizaji wa huku kwetu waliojiunga katika vilabu, na majina yao yanajulikana Beijing kuliko yanavyojulikana kwa mwenyekiti wao wa mtaa.

Tatizo linaanza pale hesabu inapofanywa kuwa kipimo cha mtu. Katika mji mmoja ambao siutaji, wanachama wa klabu ya salamu walinisimulia habari yao. Walipofanya uchaguzi hapakuwa na mjadala mrefu. Aliyesomwa mara nyingi kuliko wote ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na kwa kuwa anaaminika redioni, akakabidhiwa pia mfuko wa kuzikana. Nani atamwogopa mtu ambaye nchi nzima inamjua? Basi ikapita miezi kadhaa, mwanachama mmoja akafariki, mtu wa kipato kidogo sana, ameacha mke na watoto. Klabu ikaenda kwa mwenyekiti. Mfuko ulikuwa na kitu kidogo mno. Hakuwa ameiba kwa maana tuliyoizoea. Alikuwa amenunua kadi! Kadi nyingi, ili klabu yao iishinde klabu ya mtaa wa pili kwa kusomwa, na daftari lake la matumizi lilikuwa safi kabisa, kila kadi imeandikwa.

Siku ya maziko marehemu alitajwa redioni mara nyingi, kwa majina yake yote, na salamu za rambirambi zikafululiza. Sanda na usafiri vilitolewa na majirani, watu ambao hawajajaza kadi hata moja maishani mwao.

Katika klabu hiyo hiyo alikuwamo mama mmoja muuza vitumbua. Yeye alikuwa akisomwa kwa nadra, kwa sababu hela ya kadi alikuwa nayo siku moja moja tu. Lakini mama huyo alikuwa na daftari lingine. Aliandika nani anaumwa, amelazwa wodi gani, nani amejifungua, nani hajaonekana mkutanoni mara mbili mfululizo. Asubuhi akishamaliza vitumbua vyake anapita. Niliuliza kama aligombea cheo chochote. Wakacheka. Mmoja akanijibu, "Angegombea na nini, wakati hasomwi?"

Watu wa redio tunapenda kudhani kwamba mambo haya ni ya watu wasio na elimu. Hebu basi tuwatazame wanaredio wa ridhaa, wale wenye mitambo yao nyumbani, wanaozungumza na wenzao ng'ambo ya bahari kwa leseni ya serikali. Hawa ni mainjinia, madaktari, marubani, na wengi wao ni wazungu. Chama chao cha Marekani, kwa kifupi ARRL, kilianzisha mwaka 1937 tuzo inayoitwa DXCC. Kuipata, sharti uwe umewasiliana na nchi au visiwa 100 vinavyohesabika katika orodha yao. Ukishapata 100 unatafuta 200, ukipata 200 unataka 300, na orodha nzima leo ni 340. Wanaokaribia kuimaliza huandikwa katika jedwali la heshima, na wapo waliotumia maisha yao yote kutafuta kisiwa kimoja kilichobaki.

Kwa mfano kipo kisiwa kinaitwa Bouvet, mali ya Norway, kusini kabisa mwa bahari ya Atlantiki. Hakuna mtu anayeishi pale, ni barafu na upepo. Mwaka 2023 kundi la wanaredio lilisafiri kwa mashua mpaka huko, wakashuka na mitambo yao katika bahari chafu, si kwa kutafuta madini wala samaki, bali ili maelfu ya wenzao duniani wakiongeze kisiwa hicho katika hesabu zao. Na unajua wanachozungumza? Mmoja anataja namba zake za kituo, mwingine anamjibu "tano tisa", maana yake nakusikia vizuri sana, basi, wa pili aje. Hata kama sauti ilikuwa inakwaruza na kupotea, jibu ni tano tisa. Sisi na "zimfikie fulani" yetu hatuna tofauti kubwa na hao!

Hata Zanzibar imo katika habari hizi. Katika orodha yao Zanzibar ilihesabiwa peke yake mpaka mwishoni mwa Mei 1974. Kuanzia Juni mosi mwaka huo anayezungumza na mtu wa Unguja amezungumza na Tanzania. Kwa hiyo wazee wenye kadi za Zanzibar za kabla ya tarehe hiyo wanazitunza kama dhahabu, kwa kuwa kijana wa leo, hata awe na mtambo wa namna gani, hawezi kuzipata.

Lakini wenzetu hawa wana mambo mawili ambayo yamenivutia. La kwanza, mawasiliano hayahesabiwi kwa sababu wewe umesema yalikuwapo. Lazima yule wa upande wa pili athibitishe, zamani kwa kadi ya posta tu, na tangu mwaka 2003 kwa kompyuta pia. Hesabu yako iko mikononi mwa mwenzako. La pili, wana jina maalumu kwa mtu anayemshika mkono mgeni, anayemfundisha kufunga waya, anayekaa naye usiku mpaka asikie sauti ya kwanza. Mtu huyo humwita Elmer. Tuzo ya DXCC haimhesabii Elmer hata alama moja, lakini muulize mwanaredio mzee yeyote juu ya maisha yake, hataanza na namba. Ataanza na Elmer wake.

Sasa lawama nyingine ni yetu sisi wa vituo. Kadi inauzwa, na ujumbe wa salamu kwa simu mara nyingi hukatwa fedha zaidi ya ujumbe wa kawaida. Kituo kinachotangaza kila mwisho wa mwaka kwamba mtuma salamu bora ni fulani, kwa sababu ametuma kadi nyingi kuliko wote, kinajua kinachofanya. Mlinzi wa usiku anaacha kununua mchicha ili anunue jina lake mwenyewe. Mimi ningependa vituo viwe na utaratibu mwepesi tu: kadi ya mtu ambaye hajasomwa mwezi huo itangulie, na kadi yenye majina ishirini na mawili isomwe matano ya mwanzo. Salamu za wagonjwa zisomwe zote bila kupunguzwa hata moja, kwa kuwa mtu aliyelala wodini hahesabu amesomwa mara ngapi. Anasikiliza kama bado yupo anayemkumbuka. Kituo kitapoteza fedha kidogo, sikatai.

Na vilabu navyo, mwezi wa uchaguzi ukifika, viache kuwauliza wagombea wamesomwa mara ngapi. Viulize daftari la wagonjwa liko kwa nani. Mfuko wa kuzikana ukae kwa watu watatu, na kadi zinunuliwe kwa mfuko mwingine ambao mwenye kutaka ndiye atachangia.

Nimalize na jambo ambalo wanachama wale waliniuliza na ambalo linawagawa mpaka leo. Marehemu yule alikuwa amebakiza kidogo sana kufikisha kusomwa mara elfu moja, na ndiyo ilikuwa hamu yake. Baadhi ya rafiki zake wakaanza kutuma kadi kwa jina lake, ili atimize. Wengine wakapinga, wakasema ni kumchezea marehemu, na mjane akisikia sauti ya redio inasema mumewe anawasalimu wote wa Kariakoo atajisikiaje? Wanaredio wa ridhaa mwenzao akifariki husema ufunguo wake umenyamaza, na hesabu yake inabaki pale ilipofika. Katika kituo kile, aliyekuwa mezani alizitazama kadi hizo moja moja. Nne zilikuwa za mwandiko wa marehemu mwenyewe, alizijaza kabla hajaugua na zilikuwa zimechelewa posta. Hizo alizisoma. Zilizobaki alizifunga kwa mpira, akazirudisha klabuni.