Kamera ya Kutegea Ipimwe Kwenye Ukungu wa Kifungilo

Ukimkuta mtu mzima anatambaa kwa magoti na viganja kwenye kijia cha msituni Kifungilo, usidhani kadondosha funguo. Huenda anapima kamera. Ameifunga kwenye shina la mti, usawa wa goti, na sasa anajifanya nguruwe pori ili aone kama kijitaa cha mbele kitawaka. Kikigoma kuwaka naye yuko hatua kumi tu, basi zile mita 20 zilizoandikwa kwenye boksi ni za dukani.

Mada hii inahusu upimaji wa namna hiyo. Kamera ya kutegea haimjui mnyama kwa umbo lake. Ina kihisi kinachongoja joto libadilike mbele yake: mwili wenye joto ukipita mbele ya majani yaliyopoa, kihisi huiamsha kamera, nayo hupiga picha. Usiku humulika kwa taa za infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Kinachopimwa ni tofauti ya joto, na ndiyo maana kamera ileile inaweza kufaulu Kifungilo usiku wa Julai, watu wakiwa wamejikunyata ndani ya makoti, kisha ikafeli Mombo saa nane mchana, ambako ardhi yenyewe imechemka ikakaribia joto la mbuzi anayepita juu yake. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita zipatazo 32 za kona kali. Aliyejaribu kamera bondeni inabidi aijaribu upya akifika juu.

Baridi ya Usambara, hata hivyo, haiji peke yake. Dereva wa basi la Lushoto anajua kwamba kwenye ukungu ukiwasha taa kubwa unajiziba macho mwenyewe. Kamera haina busara hiyo. Humulika kwa nguvu zake zote, matone ya ukungu huurudisha mwanga kwenye lenzi, na picha hutoka nyeupe kama uji. Mnyama alikuwepo, kihisi kilimwona, lakini hakuna cha kumwonyesha mtu. Kwa hiyo jaribio la alasiri yenye jua halitoshi. Kamera ipimwe usiku wa ukungu, tena ikiwa mita tatu au nne tu kutoka njiani, mwanga usiende mbali. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya visitupwe, kimoja kinaingia vizuri ndani ya kasha. Mpira wa mlangoni nao ukaguliwe, maana sisimizi hawabishi hodi.

Shambani kuna kero nyingine. Jani la mgomba lililopata jua, upepo ukilitikisa, kwa kihisi ni mnyama. Mtu anategea kamera Ijumaa, Jumatatu anafungua kadi na kukuta mamia ya picha za mgomba mmoja. Dawa yake ni panga: fyeka mbele ya kamera, kisha ielekeze kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiipige usoni. Isikae pia ikiitazama njia moja kwa moja. Kihisi hunasa vizuri zaidi kinachokatiza kuliko kinachokuja kikiielekea.

Kuhusu betri, muuzaji atasifia megapikseli. Wewe muulize betri zinakaa siku ngapi taa zikipiga kazi usiku kucha. Betri dhaifu zina hila: picha za mchana huendelea kuwa safi huku za usiku zikififia, na mwenye kamera akapita mchana tu hatagundua.

Subira ya kupima ina malipo, na mfano upo hapahapa nchini. Minde, paa mweusi wa misitu ya Tanzania, alipigwa picha porini kwa mara ya kwanza mwaka 2003, kwa kamera ya kutegea, huko Udzungwa. Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima hiyohiyo, kamera za Francesco Rovero zilinasa sange mwenye uso wa kijivu asiyefanana na yeyote aliyekuwa akijulikana. Watafiti walirudi mwaka 2006 wakamkamata, na mwaka 2008 akapewa jina la kisayansi, Rhynchocyon udzungwensis. Ana uzito wa gramu 700 hivi. Kamera iliyofungwa juu usawa wa kifua cha mtu ingeweza kumkosa kabisa.

Kwa ulinzi, hesabu hubadilika. Taa za nanomita 850 hufika mbali lakini zina wekundu hafifu ambao mwizi aliye karibu huuona. Za nanomita 940 hazionekani, ila mwanga wake ni mfupi. Mlinda stoo ya viazi achague za pili, aifunge kamera karibu na mlango. Asitegee kamera nyuma ya kioo cha dirisha, kwani joto la mwili halipenyi kioo na kihisi kitalala tu.

Kisha kuna watu. Kwenye vijia vya milima ya Usambara hupita zaidi wanawake wenye mizigo ya kuni kuliko wanavyopita nguruwe. Mwaka 2024 utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulionyesha jinsi kamera za wanyamapori zilivyotumiwa kuwanyanyasa wanawake kandokando ya hifadhi ya Corbett nchini India. Picha ya mwanamke akijisaidia msituni ilisambazwa mitandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu ni taarifa yake. Anayetegea kamera aanze na mkutano wa kijiji, aseme iko wapi na nani anafungua kadi. Akiingia msitu wa hifadhi kama Magamba, atangulie kuomba kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Limebaki jambo dogo linaloharibu kesi kubwa: saa. Kamera huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na magharibi. Mtu akiitega saa moja usiku na kuandika 01:00 badala ya 19:00, picha zake zote zimekosea kwa saa 18, na mwizi wa saa mbili usiku atasomeka kuwa alipita usiku wa manane kuelekea alfajiri. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, lakini wakili wa upande wa pili ataanzia hapohapo kwenye saa. Washiriki wanaombwa, kabla ya kuondoka, kila mmoja afungue kamera yake na kulinganisha saa yake na ya simu.