Mchwa, Mende na Wala Udongo

Mchwa wa vichuguuni hula nguzo ya nyumba, hata hati ya shamba iliyofungiwa sandukuni. Lakini hulimisha uyoga mdogo chini ya ardhi, na uyoga huo ndio uwalainishiao mti. Mvua zikinyesha huruka kumbikumbi wao, nao watu wa magharibi ya Kenya huwakaanga. Hivyo mla nyumba huliwa na mwenye nyumba! Mende hula gundi ya vitabu, na sabuni pia.

Ajabu ya mwanadamu ni kubwa zaidi. Masokoni Kenya huuzwa vijiwe vya udongo viitwavyo odowa, na wanunuzi wengi ni wanawake wenye mimba. Mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu. Nao udongo, badala ya kuiongeza, waweza kuzuia chuma kilichomo katika chakula kisiingie mwilini. Tena waweza kuwa na mayai ya minyoo yasiyoonekana kwa macho. Mama mwenye hamu hiyo asione haya, bali amweleze mkunga, ili apimwe damu na kupewa vidonge vya chuma.