Mifarishi, Ardhi na Kura: Hisani ya Kikundi cha Washonaji wa Alabama

Mwanzoni mwa 1965, wilaya ya Wilcox katika jimbo la Alabama, Marekani, haikuwa na Mweusi hata mmoja katika daftari la wapiga kura, ingawa Weusi ndio waliokuwa wengi wilayani humo. Walipoanza kujiandikisha mwaka huohuo, baadhi ya wenye mashamba waliwajibu kwa kuwafukuza. Familia zilizokuwa zikilima pamba katika ardhi ya wengine zilijikuta hazina pa kulala wala pa kulima. Hapo ndipo kilipozaliwa kikundi cha washonaji wa mifarishi kilichoitwa Freedom Quilting Bee. Mada hii inakileta mbele ya viongozi wa vikundi vya ushonaji kwa sababu moja: kilitoa msaada kutoka katika jasho la wanachama wake, na wanachama wenyewe ndio walioamua nani asaidiwe.

Mfarishi ni kazi ya tabaka tatu. Juu huwekwa uso wa viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini bitana; kisha tabaka zote hushonwa pamoja kwa mkono, huku nguo ikiwa imetandazwa kwenye fremu ya mbao na wanawake wameketi pande zake. Katika Gee's Bend, kijiji cha wilaya hiyo kilichozungukwa na mto Alabama pande tatu, viraka vilitoka katika nguo kuukuu za kazi, magunia na vitambaa vya mifuko ya unga. Baridi ya nyumba za mbao zenye nyufa ilikuwa kali, na mtoto hakufunikwa mfarishi mmoja tu. Mwaka 1942 Missouri Pettway, mwanamke wa kijiji hicho, alifiwa na mumewe. Akazichukua nguo za kazi za marehemu na kuzishona mfarishi mmoja ili ajifunike kumbukumbu yake. Binti yake, Arlonzia, ndiye aliyemsaidia, na baadaye akaisimulia habari hiyo.

Kwa hiyo ufundi ulikuwepo zamani. Kilichokosekana ni soko.

Padri Francis X. Walter wa Kanisa la Episkopali alikuwa akizunguka wilayani kukusanya ushahidi wa watu walioonewa kwa kudai haki zao. Siku moja aliiona mifarishi imeanikwa kwenye kamba, akavutiwa na rangi zake. Alianza kuinunua kwa wanawake wa eneo hilo, na mwaka 1966 mifarishi hiyo ikapigwa mnada New York. Fedha zilirudi Alabama kwa washonaji. Katika mwezi wa Machi mwaka huohuo ushirika ukaundwa, na Estelle Witherspoon, mwanamke wa palepale, akauongoza kwa miaka mingi. Inafaa kusisitiza jambo hili, maana masimulizi mengi humtaja padri kwanza na kuishia kwake. Padri alifungua mlango. Waliokaa kwenye fremu, wakapanga zamu, wakabishana juu ya bei na kutunza daftari ni wanawake.

Oda zilikuja kutoka maduka makubwa, likiwemo Bloomingdale's la New York. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa kazi ya kushona foronya za kitambaa cha kodirai. Biashara hiyo ilikuwa na gharama yake. Mnunuzi wa dukani hutaka mifarishi kumi iliyofanana, vipimo vilevile, mshono uleule, ilhali mshonaji wa Gee's Bend alizoea kuubuni mfarishi wake kadiri viraka vilivyomjia mkononi. Baadhi ya uhuru huo ulipotea. Mwandishi wa mada hii anaona kwamba, katika hali ile, uamuzi ulikuwa sahihi: mshahara wa foronya uliwaweka watoto shuleni, na mifarishi ya kubuni iliendelea kushonwa nyumbani. Ni mifarishi ya namna hiyo iliyoonyeshwa mwaka 2002 katika makumbusho ya Houston na Whitney, New York, na mwaka 2006 ikachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Hata hivyo, kazi kubwa zaidi ya ushirika haikutundikwa ukutani. Ulinunua ekari 23 za ardhi, na mwaka 1969 ukajenga hapo kituo cha kushonea. Sehemu ya ardhi hiyo iligawanywa viwanja na kuuzwa kwa familia nane zilizofukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura. Mtu mwenye kiwanja chake hatishiwi tena na mwenye shamba. Aidha kilianzishwa kituo cha kulelea watoto, ili mama asilazimike kuchagua kati ya cherehani na mwanawe.

Ipo njia nyingine ya hisani, nayo pia inastahili heshima. Tangu Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, wanawake wa sharika za Kilutheri nchini Marekani wamekuwa wakishona mifarishi na kuitoa kwa shirika la Lutheran World Relief, ambalo huisafirisha kwenda kwa wakimbizi na waliokumbwa na maafa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizopokea. Mingi haishonwi mshono mrefu, bali hufungwa kwa mafundo ya uzi, kazi inayokwenda haraka na isiyohitaji fundi bingwa. Anayepokea hajifuniki tu: huitandika chini, huigeuza pazia la kugawa chumba, huifanya kivuli cha genge sokoni. Washonaji wamejifunza kumfikiria mtu huyo kabla ya kukata kitambaa. Ndivyo lifanyavyo pia shirika la Project Linus, lililoanzishwa Colorado mwaka 1995 kwa ajili ya watoto wagonjwa: blanketi lazima lifulike, na pini isiachwe ndani.

Kwa vikundi vyetu, malighafi haiko mbali. Chini ya cherehani za mafundi wa Kariakoo au Mombasa hubaki vipande vya vitenge ambavyo huishia kwenye taka. Vikundi vingi vya kina mama tayari vina mfuko wa kukopeshana na sanduku la jamii. Kilichobaki ni kukubaliana, kabla ya oda ya kwanza, ni sehemu gani ya faida itaingia kwenye sanduku hilo na nani atasaidiwa. Kikundi kinachongoja faida iwe kubwa kwanza huenda kisifike kwenye msaada kamwe. Ushirika wa Alabama ulianza na watu wasio na akiba, ukawakumbuka majirani waliofukuzwa.

Ushirika huo ulifunga milango yake mwaka 2012, baada ya waanzilishi kuzeeka na wengi wao kufariki. Wanasemina wanaombwa waanzie hapo katika majadiliano ya vikundi: katika kila kikundi kilichowakilishwa leo, ni wasichana wangapi wanaoketi kwenye fremu au cherehani pamoja na mama zao, na ni nani kati yao anayefundishwa kutunza daftari la fedha?